Jua Kali, Betri Njaa

Je, wajua kwamba paneli ya sola hupenda mwanga lakini haipendi joto? Namba iliyobandikwa mgongoni mwake, tuseme wati 550, hupimwa kiwandani seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Majengo, mjini Embu, saa saba mchana, seli hizo hufika nyuzi 65 kwa urahisi. Kila nyuzi moja inayozidi 25 huondoa karibu asilimia 0.35 ya nguvu, na volti nazo hushuka. Kwa hiyo siku ile ile ambayo sisi tunaisifu kwa jua, paneli iko juu inahema.

Hilo ndilo lililonipeleka kwa mama mmoja wa Majengo anayeuza maziwa na mtindi. Ana friji, taa tano, runinga, na ukutani inveta ya kilowati 5 iliyounganishwa na betri ya lithiamu ya volti 48. Juu ya bati kuna paneli tatu za wati 550. Tulipoingia na fundi, hakutueleza kwa lugha ya umeme.

"Mwanangu, asubuhi inakula vizuri. Jua likifika hapa," akagusa utosi, "inaacha chakula."

Fundi hakufungua mfuniko. Aliandika anachokiona kwenye kioo. Saa nne asubuhi: wati 1,050. Saa saba mchana, mbingu ikiwa samawati tupu: wati 940. Mama alikuwa anasema kweli. Jua lilikuwa limeongezeka na chaji ikapungua.

Ili uelewe kilichotokea, ni lazima ujue kazi ngumu kuliko zote ambayo inveta hufanya, na haionekani. Wengi tunadhani inveta ni ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, volti 240, basi. Lakini ndani ya inveta za siku hizi kuna kidhibiti chaji kinachowinda. Paneli haina volti moja maalumu. Ukiivuta kidogo, volti ziko juu na mkondo mdogo. Ukiivuta sana, volti zinaanguka. Katikati kuna mahali pamoja ambapo wati ni nyingi kuliko kwingine kote. Kidhibiti hupatafuta kama mtu anavyozungusha kitufe cha redio ya zamani kutafuta stesheni: kinasogeza volti kidogo, kinatazama wati, zikipanda kinaendelea upande huo, zikishuka kinarudi. Hufanya hivyo mfululizo, kutwa nzima, kwa sababu kila wingu na kila nyuzi ya joto huhamisha stesheni.

Sasa, redio yoyote ina mwisho wa kitufe. Kitabu cha inveta ya mama kilisema kidhibiti chake hufanya kazi kati ya volti 120 na 450. Paneli zake tatu zilifungwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa nguvu zake nyingi zaidi kwenye volti 41.5. Mara tatu, ni 124.5. Kwenye karatasi imepita, na nadhani aliyezifunga alipiga hesabu hiyo hiyo akaridhika. Ila karatasi ni ya nyuzi 25. Kwenye nyuzi 65, volti hizo hushuka hadi 107 hivi. Stesheni imehamia nje ya mwisho wa kitufe. Inveta inakwama kwenye 120, pembeni ya mahali penye wati nyingi, na kadiri jua linavyochoma ndivyo umbali unavyozidi. Hakuna kilichoharibika hapo. Paneli ni chache kwa mashine hiyo, na dawa ni kuongeza ya nne kwenye mfuatano, volti za mchana zirudi juu ya 140.

Kasoro hii naiona mara nyingi, na inaniuma, kwa sababu mteja huambiwa ana betri mbovu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo ni fedha nyingi kwa muuza maziwa. Paneli moja ni sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Kulikuwa na jambo la pili. Wiki kadhaa kabla yetu, fundi mwingine alikuja, akasikia malalamiko, akasema programu ya inveta imezeeka. Akachomeka kompyuta, akaisasisha, akalipwa, akaenda. Tangu siku hiyo chaji haikubadilika, lakini tokeni za stima zilianza kuisha kama zamani, kabla hajanunua sola. Mama alikuwa ameliona hilo pia. Alikosa tu wa kumsikiliza.

Programu dhibiti ni ile inayokaa ndani ya mashine yenyewe na kuiambia lini ivute jua, lini iguse betri, lini iruhusu stima. Watengenezaji huisasisha kwa sababu nzuri. Katika baadhi ya matoleo ya inveta za Voltronic Power ya Taiwan, ambazo huuzwa duniani kote kwa majina chungu nzima, wapenzi wa umeme huko Australia waligundua hitilafu ya kweli: mzigo mkubwa ukiwaka au kuzimwa, mkondo wa chaji ulicheza kwa muda mfupi, na mashine ikadhani betri imeshiba. Ikaingia hatua ya kudumisha chaji mapema, betri ikabaki nusu. Kubonyeza vitufe kusingeponya hilo. Ilibidi programu ibadilishwe. Kwa hiyo simwambii mtu asisasishe.

Ninachosema ni kwamba kusasisha kunaweza kufuta mipangilio yote na kurudisha ya kiwandani. Inveta nyingi za aina hiyo, zikitoka kiwandani, huamini zimefungwa kwa betri za risasi na asidi, na huipa stima kipaumbele: vyombo vya nyumba vinakula umeme wa gridi, sola inabaki kujaza betri inayongoja stima ipotee. Hapo ndipo tokeni za mama zilipokuwa zinakwenda. Na asilimia ya betri kwenye kioo ilikuwa ya kubahatisha, kwa sababu betri ya lithiamu haipandi wala haishuki volti kwa namna ya betri ya asidi. Kutoka robo hadi karibu kujaa, volti zake hubadilika kidogo sana. Mashine inayokadiria kwa volti peke yake itakudanganya. Ni lazima isome kutoka bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, kwa waya wake wa mawasiliano, na aina ya betri iwe imechaguliwa sawasawa.

Fundi alirekebisha: aina ya betri, ukomo wa ampea za kuchaji, kipaumbele kiwe jua, kisha betri, kisha stima. Dakika kumi. Alitumia muda mrefu zaidi akitazama mti wa mukima wa jirani, ambao kivuli chake hugusa paneli ya mwisho ifikapo saa kumi. Paneli zilizo kwa mfuatano hupitisha mkondo mmoja. Kivuli cha tawi kwenye moja kinaweza kuangusha kundi zima. Pia kuna Juni hadi Agosti, wakati ukungu wa mlima Kenya unapolala juu ya Embu na Meru. Wingu zito linaweza kukuachia asilimia 10 hadi 25 tu ya wati. Miezi hiyo usiilaumu mashine.

Na ukanda huu si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1984, Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga sola katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, wilaya ya Meru ya wakati huo, ambako Hankins alikuwa mwalimu wa kujitolea. Shule ilikuwa inafikiria jenereta ya dizeli. Baada ya hapo shule nyingine zikafuata, na vijana wa eneo hilo wakafundishwa ufundi. Biashara ya sola nchini Kenya ina mizizi yake mojawapo hapo. Mfumo wa enzi hizo ulikuwa wa volti 12, betri ya asidi na taa. Ukikataa kuchaji, ulitazama maji ya betri, kutu kwenye vichwa vyake, na waya. Kila kosa lilionekana kwa macho au kwa mita. Leo kosa linaweza kuwa tarakimu moja ndani ya menyu, au liko mbali zaidi ya hapo: Novemba 2024, inveta kadhaa zilizotoka China zilizimika nchini Marekani, kioo kikieleza kwamba haziruhusiwi kutumika huko. Mashine iliyo kwenye intaneti ina mkono mwingine unaoweza kuigusa. Wenye nyumba wanastahili kujua hivyo kabla ya kuiunganisha na waifai.

Basi inveta yako ikilegea, anza na paneli: futa vumbi, tafuta kivuli, linganisha volti za mchana na kitabu cha mashine. Kisha waya na viungio, maana kiungio kilicholegea hupata moto na kula wati. Kisha mipangilio. Kusasisha programu kuwe hatua ya mwisho, na kabla ya kuigusa, piga picha kila ukurasa wa menyu, andika namba ya modeli na ya toleo lililomo, zima mizigo, hakikisha betri ina chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au faili likiwa la modeli nyingine, mashine inaweza isiwake tena.

Muulize fundi leseni yake. Kanuni za sola nchini Kenya zinamtaka awe nayo, na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ndiyo huitoa, kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Kisha mwambie asiondoke kabla hajakuandikia mipangilio kwenye karatasi. Ya mama wa Majengo imebandikwa kando ya inveta, kwa kalamu nyekundu, na paneli ya nne iko juu ya bati. Saa saba mchana siku ya kwanza, kioo kilisoma wati 1,710.