UNUNUZI WA GARI DAR ES SALAAM NA UHAMISHAJI WA NAMBA ZA USAJILI: UFAFANUZI KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Ofisi hii imekuwa ikipokea masuala mengi kutoka kwa watumishi wa Serikali na wananchi wanaovuka bahari kwenda Dar es Salaam kununua gari, na khasa kutoka kwa vijana wanaopenda zile gari za mbio za milango miwili. Suala linalorejewa zaidi ni hili la namba. Wapo wanaouliza iwapo wanaweza kuivua namba ya gari yao ya zamani wakaitia katika gari mpya. Wapo pia wanaodhani kwamba gari ikishanunuliwa Kariakoo na ikashushwa Malindi, namba yake ya Bara huendelea nayo hapa Unguja kama kawaida. Masuala yote mawili jawabu yake ni hapana, na ni vyema sababu zake zikafahamika kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Msingi wa jambo hili ni kwamba namba ya usajili hupewa gari, haipewi mtu. Gari inapoandikishwa kwa mara ya kwanza, namba yake hufungamanishwa na namba ya chasisi na namba ya injini, na zote tatu huandikwa katika kadi ya gari pamoja na jina la mmiliki. Gari ikiuzwa, kinachobadilika ni jina la mmiliki tu, na kibao cha namba hubaki pale pale. Kwa hivyo mtu anaposema "kuhamisha namba", kwa lugha ya sheria anakusudia kuhamisha umiliki, na hilo hufanyika katika karatasi wala halihitaji bisibisi.

Inafahamika mkanganyiko huu unatoka wapi. Wengi wetu tunao jamaa walioko Ghuba, na huko mambo ni mengine. Dubai namba ni mali ya mtu, huuzwa na kununuliwa peke yake bila ya gari, na mwezi wa Aprili 2023 namba P 7 ilinadiwa huko kwa dirhamu milioni 55. Uingereza nako mtu anaruhusiwa kuihamisha namba yake kutoka gari moja kwenda nyengine, kwa masharti kwamba namba hiyo isiifanye gari ionekane mpya kuliko ilivyo. Tanzania Bara imefungua mlango mdogo wa aina hiyo kwa wenye kutaka namba yenye jina lao wenyewe, ambayo katika bajeti ya mwaka 2016/17 ada yake ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka 3. Mwenye uwezo na alipe. Kwa walio wengi kanuni ni ile ile ya namba kubaki na gari.

Sharti lile la Uingereza lina maana kubwa kwa mnunuzi wa Kariakoo. Mtaa huu, uliochukua jina lake kutoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ndio unaokusanya wafanyabiashara wa kila aina, na madalali wa gari hawakosekani. Mtu akisimama Mtaa wa Msimbazi au Lumumba kwa nusu saa atasikia gari ikisifiwa si kwa injini yake wala kwa mwaka iliyotengenezwa, bali kwa herufi: hii namba C, hii namba D, ile namba E. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 namba za Bara zimekuwa zikiandikwa kwa herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazosonga mbele kadiri gari zinavyosajiliwa. Herufi ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo inayotajwa na dalali, na bei hupanda na kushuka kwayo.

Hapo ndipo penye mtego. Herufi hiyo humwambia mnunuzi ni lini gari imesajiliwa Tanzania, wala haimwambii ni lini imetengenezwa. Toyota Celica iliacha kutengenezwa mwaka 2006, na Supra ya umbo lile linalopendwa na vijana iliacha mwaka 2002. Gari hizo zikiletwa leo kutoka Japani zitapata namba mpya kabisa, na dalali atazinadi kwa namba hiyo, ilhali chuma chake kina umri wa miaka ishirini na zaidi. Mnunuzi na atazame mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa katika kadi, kisha ainame aitazame namba ya chasisi yenyewe ilivyogongwa katika bodi. Namba ya bodi ikitofautiana na ya kadi hata kwa tarakimu moja, mnunuzi asitoe kitu na aondoke. Kwa kuwa herufi ina bei, wapo wanaothubutu kuchongesha kibao cha gari moja wakakifunga katika nyengine, na anayekutwa na gari hiyo barabarani ndiye anayeanza kuulizwa, hata kama aliinunua kwa nia njema.

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kuiona gari ya namna hiyo katikati ya Kariakoo, nyekundu, ya chini mno, ikijikokota nyuma ya mkokoteni wa magunia huku wachuuzi wakiizunguka pande zote. Kasi yake ilikuwa kasi ya mkokoteni. Hilo si jambo la sheria, ila anayenunua gari ya mbio kwa ajili ya mitaa ile au kwa vichochoro vya Mji Mkongwe na alitie katika hesabu zake.

Kuhusu hesabu zenyewe, mnunuzi ajue kwanza anachonunua: gari iliyokwishasajiliwa, au gari mpya kutoka nje ambayo bado haijatiwa namba. Kwa gari inayoingizwa Bara, viwango vilivyotumika kwa miaka ya karibuni ni ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1000 na 2000 au asilimia 10 kwa injini iliyozidi hapo, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Gari ya abiria iliyozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 nyengine kwa ajili ya uchakavu. Celica ya injini ya 1800 ikikadiriwa na forodha kuwa na thamani ya shilingi milioni 10, kodi hizo peke yake hukaribia milioni 10 nyengine, bila ya kuhesabu tozo ndogo ndogo. Kwa hivyo bei inayotajwa kuwa "nusu ya bei ya mjini" mara nyingi ni bei ya gari ambayo kodi yake haijalipwa. Muuzaji atakiwe aandike katika mkataba iwapo kodi imelipwa au la, na stakabadhi ionekane.

Kwa gari iliyokwishasajiliwa Bara, gharama ya kuhamisha umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ni ndogo ukilinganisha na madhara ya kutohamisha. Kwa viwango vilivyozoeleka, ada ya uhamisho ni shilingi 50,000, kadi mpya ni shilingi 10,000, na ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Gari iliyouzwa kwa shilingi milioni 20 itagharimu shilingi 260,000. Panatakiwa mkataba wa mauziano, kadi ya asili, vitambulisho, na namba ya mlipakodi ya muuzaji na ya mnunuzi pia.

Pamoja na wepesi huo, wengi hawahamishi. Tuchukue mfano wa mtumishi wa Serikali anayenunua gari kwa kijana wa Kariakoo. Kijana yule aliinunua kwa mtu mwengine, na mtu huyo naye aliinunua kwa mwenye jina katika kadi, ambaye hapana kati yao aliyewahi kuonana naye ila yule wa kwanza. Mtumishi anapewa kadi na funguo, anafurahi, anaondoka. Baada ya mwaka anataka kuandika gari kwa jina lake, na anaambiwa saini inayotakiwa ni ya mwenye kadi. Anamtafuta, anaarifiwa kuwa amefariki.

Hapo suala limeshatoka katika uuzaji wa gari na limeingia katika mirathi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Serikali gari ile ni mali ya marehemu, na warithi wake wana haki ya kuidai pamoja na nyumba na mashamba yake. Mnunuzi hawezi kuandikiwa ila kwa saini ya msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Ikiwa warithi ni watu wenye khofu ya Mungu na mikataba yote ya nyuma ipo, jambo litakwisha, ingawa kwa safari nyingi za boti. Ikiwa mkataba hata mmoja haupo, mnunuzi aliyelipa kila senti ya thamani ya gari anasimama mbele ya hakimu mikono mitupu. Kwa sababu hiyo mnunuzi ashurutishe kuonana na mwenye jina katika kadi, au wakala wake mwenye hati ya uwakala iliyoandikwa na wakili, kabla ya kulipa hata malipo ya awali.

Sasa tuivushe gari bahari. Forodha ni miongoni mwa mambo ya Muungano na inasimamiwa na TRA pande zote mbili, lakini usajili wa vyombo vya moto si jambo la Muungano. Bara huandikisha kwa sheria zake na herufi T. Zanzibar huandikisha kwa sheria zake na herufi Z, na usajili huo na ada zake hupitia Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), ambayo mwaka 2022 ilichukua nafasi ya iliyokuwa Bodi ya Mapato Zanzibar (ZRB). Kwa mintarafu hiyo gari iliyohamia Unguja au Pemba kwa makaazi ya kudumu huandikishwa upya na kupewa namba ya Z, na namba yake ya T hukoma. Nyaraka za kuonyesha kwamba ushuru umelipwa Bara zisiachwe kwa wakala wa Dar es Salaam, kwani bila ya hizo kazi ya hapa haianzi.

Safari ya upande wa pili imekuwa na uzito zaidi. Kwa miaka mingi gari iliyosajiliwa Zanzibar na kupelekwa Bara imedaiwa tofauti ya kodi, na suala hili la vyombo vya moto limekuwamo katika orodha ya hoja za Muungano zinazojadiliwa na Serikali zetu mbili. Anayekwenda na gari ya Z kwa matembezi ya siku chache aombe maelezo ya kibali cha muda bandarini kabla ya gari kupakiwa melini, na asingoje kuulizwa ng'ambo.

Watumishi wanaonunua gari chakavu za Serikali kwa njia ya zabuni wakumbuke kwamba vibao vya SMZ, na kwa upande wa Bara vile vya ST, SU na SM, haviuzwi pamoja na gari. Vinatakiwa virejeshwe, na gari iandikishwe upya kama mali ya mtu binafsi kabla ya kutembea barabarani.

Neno la mwisho ni kwa muuzaji, ambaye mara nyingi husahauliwa. Bara, faini ya kosa la barabarani huandikwa kwa namba ya gari, na kwa kawaida ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Ikiwa mnunuzi ni mpenda mbio na jina katika kadi bado ni la muuzaji, madeni hayo hurundikana kwa jina la mtu aliyekwishaisahau gari. Likitokea lililo kubwa zaidi, la kugonga mtu, polisi watabisha hodi kwanza katika nyumba ya mwenye kadi. Muuzaji aifuatane na mnunuzi mpaka ofisi ya mapato, abaki na nakala ya mkataba uliogongwa stempu, na asikabidhi funguo ya pili mpaka aione kadi yenye jina jipya.