Vipande Vitatu vya Plastiki: Kweli au Si Kweli?

Chukua kikokotoo kilichokufa, ubandue taratibu plastiki ya kijivu iliyogandishwa juu ya skrini (kioo chini yake ni chembamba), kisha uikate vipande vitatu: kila kimoja ni kichujio cha mwanga. Madai yafuatayo utaanza kuyapima mwenyewe.

“Kila ukiongeza kichujio, mwanga hupungua.” Si kweli, na hapa wengi hugoma kuamini. Weka kipande kimoja juu ya kingine, ukizungushe mpaka kiwe msalaba: giza totoro. Sasa chomeka cha tatu katikati, kimelala nyuzi 45. Mwanga unarudi! Kumbe kipande hicho si chekeche tu. Mwanga unaokipenya hutoka ukitikisika kwa mwelekeo wa kipande chenyewe. Kiasi kinachopita hufuata mraba wa kosaini ya pembe kati ya mtikisiko unaoingia na mwelekeo wa kipande, kanuni ya Mfaransa Étienne-Louis Malus. Kwa nyuzi 45 ni nusu. Vichujio vikiwa kamilifu, mwanga wa jua wa 100 hubaki 50, halafu 25, halafu 12.5.

“Mpangilio haujalishi.” Si kweli. Kichomoe kile cha katikati ukiweke mwisho: giza lilelile la mwanzo, na vipande ni vilevile vitatu. Ndiyo maana hesabu hizi hufanywa kwa matriki, yaani majedwali ya namba ambayo ukibadili zamu ya kuzidisha, jibu nalo hubadilika. Mwaka 1941 Mmarekani R. Clark Jones alikipa kila kifaa matriki yake ya 2 kwa 2. Ya kifaa cha kwanza kupitiwa na mwanga huandikwa kulia kabisa, na hapo ndipo wanafunzi hujikwaa.

“Matriki za Jones zinatosha kwa mwanga wowote.” Nusu kweli: zinatosha kwa mwanga wenye mtikisiko uliopangika tu. Mwanga wa jua hutikisika ovyo, kila upande. Huo unataka namba 4 za George Stokes, za mwaka 1852, na matriki za 4 kwa 4 za Hans Mueller.

“Kioo cha kujitazamia hurudisha mtikisiko kama ulivyokuja.” Kikiinamishwa, mara nyingi sivyo: metali iliyopakwa nyuma yake huchelewesha sehemu moja ya wimbi kuliko nyingine, na mtikisiko ulionyooka hugeuka duaradufu.

“Miwani yoyote nyeusi huchuja hivi.” Uongo wa dukani. Nenda na kikokotoo kizima, tazama skrini yake kupitia miwani huku ukiizungusha. Namba zisipofifia kabisa, unauziwa rangi tu.