Kufuta Folda Si Kuiondoa Antivairasi

Kwa mara ya nne mwezi huu nimeulizwa swali lile lile, na safari hii aliyeuliza ni mama mwenye saiba katika mtaa wa Umoja, ambaye wateja walikuwa wamejipanga mlangoni pake wakitaka kuwasilisha marejesho ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni: "Fundi, folda ya antivairasi nimeifuta yote, mbona nikiisakinisha upya yakataa, na intaneti nayo imekatika?" Swali hilo limejengwa juu ya dhana batili, nami sitalijibu kabla ya kuibomoa dhana yenyewe, maana ndiyo inayowapotezea watu wa Eastlands jijini Nairobi, tangu Jericho hadi Kayole, fedha zao na nyaraka zao.

Dhana ni kwamba programu ni folda yake, na folda ikitoweka programu imekufa. Kwa mchezo wa karata huenda kosa hilo lisidhuru. Antivairasi haimo katika jamii hiyo. Ili iweze kukagua kila faili kabla haijafunguliwa, yaipasa kukaa chini ya programu nyingine zote, katika kiini cha Windows, ambako huweka draiva zake ndani ya System32 na kuandikisha katika rejista huduma ziamkazo pamoja na mashine, kabla mwenyewe hajaandika neno lake la siri. Na aghalabu huweka pia kichujio katika njia ya mtandao. Folda iliyomo katika Program Files ni kibanda tu.

Wakazi wa Buruburu watanifahamu upesi. Korti ya nyumba ina geti, geti lina mlinzi, na mlinzi ana kibanda. Ukikivunja kibanda na kumfukuza mlinzi, hujaling'oa geti, wala hujaitangua amri kwamba gari lisipite pasipo idhini yake; basi wenyeji watasimama nje wakingojea idhini ya mtu asiyekuwapo. Intaneti ya yule mama ilikatika kwa sababu hiyo hiyo: kichujio kilibaki kimeandikwa, ilhali programu iliyokuwa ikikijibu imekwisha kufutwa. Kisakinishi kipya nacho, kila kikiangalia rejista, hukuta jina la mtangulizi wake limo, kikakataa kuingia.

Tena antivairasi hujilinda isifutwe, kwa kuwa virusi navyo hutaka kwanza kumwondoa mlinzi. Kirusi Conficker, kilichoanza kuenea mwishoni mwa 2008, kilizima huduma za usalama za Windows na kuziba njia za kufikia tovuti za watengenezaji wa antivairasi. Basi Windows ikimnyima kijana ajiitaye fundi ruhusa ya kufuta, yeye huiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, akaifuta folda kwa nguvu, kisha akadai ujira. Huo si ufundi, ni uharibifu, na alipwaye kwa huo anapaswa kuona haya. Anayeshuku kwamba programu za ulinzi zina mizizi mirefu kiasi hicho na aikumbuke tarehe 19 Julai 2024, ambapo sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft. Wala nisiletewe habari ya programu za kusafisha rejista, ambazo Microsoft yenyewe haiziungi mkono: hufuta kwa kukisia, na penye kiini cha mashine hapakisiwi.

Sasa njia iliyo sahihi. Nakili msimbo wa leseni na neno la siri la akaunti yako. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, nakili na ufunguo wake wa dharura. Pakua kisakinishi kipya pamoja na chombo maalumu cha kuondolea, vyote kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe: Kaspersky wana kavremover, Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, na ESET na Norton wana vyao. Iondoe antivairasi kupitia mipangilio ya Windows, uwashe mashine upya, uendeshe chombo kile, katika hali salama kikitaka hivyo, ambayo njia yake huanza kwa kushikilia kitufe cha Shift unapobofya Restart; washa tena, ndipo usakinishe na kusasisha. Usihofu ule muda wa katikati, kwani katika Windows 10 na 11 Defender huamka yenyewe mlinzi mwingine akiondoka. Na antivairasi mbili kwa pamoja, hapana.

Aliyekwisha kufuta folda asikate tamaa, wala asikubali kupigiwa fomati kwa haraka. Chombo cha mtengenezaji aghalabu huyaona mabaki hata kama folda haipo; kikishindwa, sakinisha toleo lile lile la zamani juu ya mabaki yake, kisha liondoe kwa utaratibu niliouandika. Yule mama wa Umoja alifanya hivyo, na kabla ya adhuhuri wateja wake walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta.