Asilimia Moja na Mlima Wetu

Tunaposoma kwamba nchi fulani inatumia asilimia 2 au 4 ya uchumi wake kwa utafiti, sisi wa lugha hupita haraka, tukidhani ni mambo ya wachumi. Mimi ninaishi Majengo, chini ya Nyiragongo, na hesabu hiyo naiona inatuhusu.

Yenyewe ni rahisi. Juu huwekwa fedha zote ambazo serikali, vyuo vikuu na makampuni yametumia katika mwaka mmoja kutafuta maarifa mapya. Chini huwekwa PIB, yaani thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini mwaka huohuo. Tuseme utafiti umepata 40 katika uchumi wa 10,000: hiyo ni asilimia 0.4. Shaba na kobalti zikipandisha uchumi hadi 20,000, na utafiti ukabaki na 40 ileile, tumeshuka hadi asilimia 0.2, ingawa hakuna aliyepunguza kitu.

Mwaka 2006 Umoja wa Afrika ulikubaliana juu ya lengo la asilimia 1. Nchi nyingi za bara hili bado hazijalifikia, wakati Korea Kusini na Israeli zinapita asilimia 4.

Si kila kazi ya kisayansi inaingia katika hesabu. Mwongozo unaofuatwa na nchi nyingi, ambao toleo lake la kwanza lilitokana na mkutano wa Frascati, Italia, mwaka 1963, hauhesabu upimaji wa kila siku unaofanywa kama kazi ya kawaida. Kuvitumia vipimo hivyo ili kuelewa mlima unavyojiandaa kulipuka, huo ndio utafiti. Lakini kimoja hakiendi bila kingine. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilitegemea msaada wa Benki ya Dunia, nao ukaisha mwaka 2020. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kuonywa mapema. Tarehe 27 Mei mitaa 10 kati ya 18 ya mji iliamriwa kuhama, Majengo ikiwemo.

Mwongozo huohuo unahesabu pia utafiti wa lugha. Kuchunguza jinsi wakaaji walivyolielewa tangazo lile la kuhama, na ni maneno gani yaliyowachanganya, ni utafiti kamili. Unahitaji daftari, nauli na muda, na mmoja wetu anaweza kuufanya kuwa kazi yake ya kumaliza masomo.