Kiwiko cha Mtoto na Macho ya Daktari Aliye Mbali

Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Sahihi Muslim, ya kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kumtaja Mola na kutenda kheri kwa idadi yake. Neema hii twaisahau mpaka kimoja kikatae kutumika.

Mtoto mmoja wa chuo chetu, mwenye miaka 7, alianguka mwembeni akavunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Katika viwiko vya watoto, mvunjiko huu ndio ulio mwingi kuliko yote. Alitibiwa hospitali, akafungwa plasta. Ilipofunguliwa baada ya wiki 4, mkono haukunyoka wala haukufika kinywani. Akawa hula kwa kushoto kwa haya, na katika sijida akiegemea mkono mmoja.

Hospitali ni mbali, na nauli ya watu wawili si jambo jepesi kwa baba mvuvi. Daktari akamwagiza mama ampige mtoto picha za video kwa simu kila wiki mbili: akae ubavu, penye mwanga, anyoshe mikono yote miwili, kisha aikunje, pasipo kusaidiwa na mtu. Mkono mzima ndio mizani ya mgonjwa, na picha ya leo hulinganishwa na iliyopita.

Picha ya pili ilionyesha mkono umezidi ugumu. Daktari akapiga simu, akauliza, "Nani anaukanda?" Nyumba nzima ikanyamaza. Kisha bibi akasema, "Ni mimi, mwanangu. Kila usiku namkanda kwa mafuta ya moto na kumvuta, apate kupona upesi."

Hayo yalikuwa mapenzi, si uovu. Lakini kukivuta kiwiko kwa nguvu huumiza nyama, na huweza hata kuotesha mfupa ndani yake. Daktari akajibu kwa adabu, "Bibi, mwache acheze na ale kwa mkono wake. Ugumu huu huondoka wenyewe kwa wiki na miezi." Bibi akaiweka chupa ya mafuta kabatini.

Ama simu ina mpaka wake. Haigusi mshipa, haipigi eksirei, wala haing'oi waya zilizoshika mfupa. Miadi ya mambo hayo isiachwe. Na mtoto aliye katika plasta akizidi kulia kwa maumivu, au vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe jawabu la simu. Tena picha ya mtoto ni amana: hupelekewa daktari, haitawanywi kwa jamaa na majirani.

Enyi wazazi, kujitibu tumeamrishwa, na subira ni sehemu ya tiba. Mwezi wa nne mtoto yule alikuja chuoni, akashika kalamu kwa mkono wa kulia, na adhuhuri tukamwona akisujudu kwa viganja viwili. Bibi yake alipopewa khabari, alilia.

Wabillahi taufiki.