Hifadhidata Inapokataa: Hesabu ya Malaria Kando ya Ziwa Mweru

Wilaya ya Nchelenge, iliyo ukingoni mwa Ziwa Mweru katika Mkoa wa Luapula, ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazoelemewa zaidi na malaria, na baadhi ya wakazi wake huishi visiwani Kilwa na Chisenga. Zambia, kama Kenya iliyoanza kuitumia nchi nzima mwaka 2011, hukusanya takwimu za afya kwa DHIS2, programu ya wavuti iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo huweka taarifa katika hifadhidata ya PostgreSQL, yaani ghala la kumbukumbu zilizopangwa katika majedwali.

Hitilafu za hifadhidata hazifanani, na ni kosa kubwa kuzifunika zote kwa ujumbe mmoja wa "jaribu tena". PostgreSQL huipa kila hitilafu msimbo: 23502 ni sehemu ya lazima iliyoachwa tupu, 40P01 ni shughuli mbili zilizokwamishana kwa kungojana, 23505 ni kumbukumbu ambayo utambulisho wake umekwisha kuwamo. Zilizokwamishana hufaulu zikirudiwa baada ya kitambo kidogo, ilhali sehemu tupu haitajazwa kwa kurudiwa hata mara mia.

Lililo gumu kuliko yote ni mtandao kukatika baada ya seva kuhifadhi taarifa na kabla jibu halijamfikia aliyeituma. Mhudumu wa afya aliye kisiwani, asipoona jibu, hutuma upya, na mtoto mmoja aliyepimwa huhesabiwa wagonjwa wawili. Kinga yake ni simu yenyewe kuipa kumbukumbu utambulisho kabla ya kuituma (ule wa DHIS2 una herufi na tarakimu 11), ili seva ilitambue ombi la pili kuwa ni lile lile. Hapo 23505, iwapo yaliyomo yanalingana, ni habari njema, kwani inathibitisha kwamba taarifa ilifika.

Kumbukumbu zinazotegemeana nazo zifungwe katika muamala mmoja, ambao ama hukamilika wote ama hufutwa wote. Maelezo ya kina ya hitilafu yaandikwe katika daftari la seva, asomamo fundi. Mhudumu aambiwe tu kama taarifa yake imehifadhiwa au bado. Programu inayotangaza "imepokelewa" kabla muamala haujathibitishwa haistahili kukabidhiwa hesabu ya wagonjwa.