Wazee wa Vita Walipowapa Vijana Uwanja

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha tarehe 11 Novemba 1918, wajukuu zangu, askari wa Marekani waliokuwa Ufaransa walikaribia milioni mbili. Bunduki zilinyamaza, lakini meli za kuwarudisha kwao zilikuwa chache, nao wakasubiri mwezi baada ya mwezi. Kijana aliyeacha shamba la baba yake Iowa au duka la shangazi yake Boston akawa anashinda kambini kwenye matope. Hana adui wa kupigana naye, hana kazi ya kufanya, na usiku anajiuliza: nikifika nyumbani nitakuwa nani? Ujuzi nilionao sasa ni wa kuua. Nani atauhitaji?

Mawazo ya namna hiyo ndiyo yaliyowakutanisha Paris, tarehe 15 hadi 17 Machi 1919. Mmoja wa walioitisha mkutano alikuwa Luteni Kanali Theodore Roosevelt Jr., mtoto wa rais wa zamani wa Marekani. Wakaja kwa mamia, maofisa na askari wa kawaida, na walipotawanyika walikuwa wameanzisha chama kilichoitwa American Legion. Septemba ya mwaka huohuo Bunge la Marekani likakitambua kisheria. Muda si mrefu kikawa na matawi katika miji na vijiji vya nchi nzima, kila tawi na namba yake.

Katika utangulizi wa katiba yao waliandika mengi. Mimi huvutiwa na ahadi moja, kwamba watamfundisha kila mtu kuujua wajibu alio nao kwa jamii yake, kwa jimbo lake na kwa taifa lake. Tazameni mpangilio huo. Jamii imetangulia, taifa limekuja mwisho. Ni mpangilio sahihi, kwa maana taifa zima hakuna aliyewahi kuliona kwa macho, lakini jirani mgonjwa, mfereji ulioziba na shule isiyo na uzio mnavionea mlangoni kwenu.

Sasa, ahadi iliyoandikwa karatasini haina miguu. Wale maveterani walitaka kuifikisha kwa watoto, wakajua kwamba hotuba ndefu za kuipenda nchi huingia sikio hili zikatokea lile. Julai 1925, wanachama wa jimbo la South Dakota walikutana katika mji mdogo wa Milbank. Mgeni wao alikuwa Meja John L. Griffith, msimamizi wa michezo ya vyuo vikuu, naye aliwaeleza jinsi mchezo unavyomfundisha kijana kuwa raia. Wakapitisha azimio: tutawaanzishia vijana ligi ya besiboli, na kila tawi liwalee wa kwao. Mwaka uliofuata kukawa na ubingwa wa taifa.

Besiboli ni mchezo wa kurusha mpira, kuupiga kwa rungu na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Lakini uzito wa jambo haukuwa kwenye rungu. Kijana asiyeweza kusubiri zamu yake hawezi kuucheza. Asiyekubali uamuzi wa refa atatolewa nje. Atashindwa mbele ya mama yake na wasichana wa mtaa, kisha atampa mkono aliyemshinda. Na yule mzee aliyebeba maji, akachora mistari ya uwanja alfajiri na kuchangisha nauli ya basi, alikuwa anajitolea bila malipo, na watoto walikuwa wanamwona.

Nina hadithi mbili za viwanja hivyo.

Ya kwanza inatoka Blanford, kijiji cha wachimba makaa ya mawe magharibi mwa jimbo la Indiana, kilichokuwa na familia nyingi zilizohamia kutoka Italia. Hapo alizaliwa Margaret Gisolo mwaka 1914. Kaka yake Toney alikuwa mchezaji hodari, akamfundisha dada yake kurusha, kudaka na kupiga. Juni 1928 Margaret alikuwa na miaka 13, naye alikuwa ndani ya timu ya vijana wa Legion pamoja na wavulana. Mechi ya kugombea ubingwa wa wilaya ikawa ngumu, mabao yakalingana, wakaongezewa muda mpaka duru ya 12. Margaret akapiga mpira, mwenzake akakimbia hadi kituo cha mwisho, Blanford wakashinda.

Walioshindwa wakakata rufaa wakisema msichana hana ruhusa ya kucheza. Margaret akasimamishwa kwa siku kadhaa wakati wazee wakifungua vitabu vyao vya kanuni. Wakatafuta ushauri hadi kwa Jaji Kenesaw Mountain Landis, mkuu wa besiboli ya kulipwa ya Marekani. Jibu likawa kwamba hakuna kanuni iliyomkataza msichana, basi acheze. Akacheza, na timu ya Blanford ikatwaa ubingwa wa jimbo zima la Indiana.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo wasichana walifunguliwa mlango. Haikuwa hivyo. Mwaka uliofuata wazee waliandika kanuni mpya: wavulana tu. Walikosea, tena walikosea vibaya, kwa sababu walibadilisha sheria ili kumfungia nje mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza. Margaret hakuigeuzia nchi yake mgongo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la majini la Marekani, na baadaye alifundisha dansi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, akawa miongoni mwa walioijenga idara ya fani hiyo.

Ya pili ni ya Agosti 1934. Timu ya Tawi namba 21 la Legion, kutoka Springfield katika jimbo la Massachusetts, ilishinda mechi zake kaskazini ikapangiwa kucheza Gastonia, North Carolina, kusini mwa nchi. Miongoni mwao alikuwemo mvulana mmoja mweusi, Ernest Taliaferro, ambaye wenzake walimwita Bunny. Alikuwa mchezaji bora, na wenzake walimpenda. Kusini mwa Marekani siku hizo sheria na desturi ziliwatenga watu weusi shuleni, hotelini, kwenye mabasi na hata kwenye bomba la maji ya kunywa.

Walipofika hotelini, Bunny hakupokelewa kama wenzake. Walipokwenda kufanya mazoezi, watu waliojaa uwanjani wakamzomea na kumtukana. Kisha ikaja habari kwamba akicheza yeye, timu nyingine hazitacheza. Fikirini hali ya wale watoto. Wametoka mbali, kombe liko mbele yao, na Bunny mwenyewe ni mmoja tu. Wangeweza kumwacha akae pembeni, wacheze, warudi na zawadi, na hakuna mtu mzima ambaye angewalaumu.

Kocha wao, Sid Harris, aliwaachia wenyewe uamuzi. Wakapiga kura. Kura zote zikasema: bila Bunny hatuchezi, turudi nyumbani. Wakapanda treni usiku, mikono mitupu. Walipoteremka Springfield walikuta umati wa watu wa mji wao umekuja kuwapokea. Mwaka 2003 mji huo uliwajengea mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Forest Park. Timu iliyochukua kombe mwaka ule, hata mimi ninayezipenda habari hizi, jina lake halinijii haraka.

Mtaniuliza, wale wazee wa Legion wenyewe walikuwa upande gani? Nitawajibu kwa uwazi. Askari weusi wa Marekani walipigana Ufaransa sawa na wenzao, lakini waliporudi, katika majimbo mengi ya kusini hawakukubaliwa katika matawi ya weupe. Waliofanikiwa kuwa wanachama huko walikaa katika matawi yao peke yao. Chama kilihubiri usawa wa raia na mlangoni kwake kikaukana. Sasa oneni maajabu: watoto wa Springfield walilichukua fundisho la wazee wao, la kusimama na mwenzako na kutomwacha nyuma, wakalitimiza pale ambapo wazee wenyewe walishindwa kulitimiza.

Mwaka 1935 wanachama wawili wa jimbo la Illinois, Hayes Kennedy na Harold Card, walikuwa na hofu ya aina nyingine. Baadhi ya nchi za Ulaya zilikuwa zinawakusanya vijana wao makambini na kuwafundisha kumtii kiongozi mmoja bila swali. Wao wakaamua kuwa na kambi yenye fundisho la kinyume. Juni mwaka ule, katika viwanja vya maonyesho vya Springfield, mji mkuu wa jimbo hilo, wavulana wa sekondari walipewa "nchi" yao ya wiki moja. Waligawanywa katika vyama viwili vya kubuni, wakafanya kampeni, wakachagua mameya, wabunge na gavana, wakatunga sheria na kuzijadili. Kambi hizo, ziitwazo Boys State, zikaenea nchini. Mwaka 1937 akina mama wa chama mwenza walianza za wasichana. Baadaye yakaja mabaraza ya taifa zima jijini Washington, la wavulana mwaka 1946 na la wasichana mwaka 1947.

Baraza la wavulana la Julai 1963 ndilo nililolipenda kuliko yote. Kila jimbo lilipeleka vijana wawili. Marekani ilikuwa inawaka moto kwa madai ya haki za watu weusi, na magavana wa majimbo, watu wazima wenye mvi, walikuwa wamekutana Miami wakaikwepa hoja hiyo. Wavulana hawakuikwepa. Walibishana, wakapitisha azimio la kuunga mkono haki za raia. Tarehe 24 Julai Rais John F. Kennedy aliwapokea kwenye bustani ya Ikulu, akawaambia kwamba kwa namna fulani wameonyesha ujasiri wa kuanza jambo kuliko magavana. Mvulana mmoja wa Arkansas, mwenye miaka 16, alisogea mbele akampa rais mkono. Aliitwa Bill Clinton. Miaka 30 baadaye aliingia Ikulu hiyo kama rais.

Si kila kijana atakuwa rais, wala kambi hizi hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Tangu mwaka 1938 Legion huendesha pia mashindano ya kuizungumzia Katiba. Mwanafunzi huandaa hotuba yake ya dakika 8 hadi 10, kisha huzungumzia kwa dakika chache kifungu cha Katiba kinachochaguliwa papo hapo. Nyinyi mliowahi kusimama mbele ya darasa mnajua miguu inavyotetemeka. Lakini mtu aliyeisoma katiba ya nchi yake kwa bidii hiyo hawezi kudanganywa kirahisi na mgombea yeyote.

Na kuna kazi ndogondogo ambazo magazeti hayaziandiki. Kila Mei, kabla ya siku ya kuwakumbuka askari waliokufa, maskauti na watoto wa shule huongozana na maveterani makaburini, wakachomeka bendera ndogo kwenye kila kaburi la askari. Njiani mzee husoma majina, na mara nyingine husimama mahali na kueleza, "Huyu nilikuwa naye." Hakuna kitabu cha historia kinachofundisha namna hiyo.

Nimewapeleka Marekani, sasa niwarudishe kwetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera. Wanajeshi wa Tanzania pamoja na maelfu ya wanamgambo, wengi wao wakiwa wakulima na vijana wa umri wa kaka zenu, walikwenda kuikomboa ardhi ile, na tarehe 11 Aprili 1979 wakaingia Kampala. Baadhi yao wamelala Kaboya, mkoani Kagera. Wanajeshi wetu wengine, waliokufa katika ukombozi wa nchi jirani ya Msumbiji, wamelala Naliendele, Mtwara. Waliorudi hai wako mitaani mwenu: mlinzi wa getini, muuza mkaa, babu anayecheza bao chini ya mwembe. Wamekuwa wazee sasa, na kila mwaka wanapungua.

Kila tarehe 25 Julai nchi huadhimisha Siku ya Mashujaa, kwa ngao, mkuki, upinde na mishale kuwekwa kwenye mnara. Ni heshima kubwa, lakini inaisha siku hiyohiyo. Mimi nawaomba kitu kinachodumu zaidi. Mtafuteni mwanajeshi mstaafu mmoja katika mtaa wenu. Mwamkieni, muombeni awasimulie, na mmoja wenu aandike. Kama ana bomba lililovunjika au mlango usiofunga, tengenezeni bila kumtoza senti. Kisha muulizeni: mtaa wetu huu unahitaji nini, nasi tuanze wapi? Akiwaambia ni mfereji, chukueni majembe. Akiwaambia ni timu ya mpira, mwombeni awe mlezi wake, na asiachwe nje hata mmoja, wala msichana, wala yule mtoto ambaye wengine wanamcheka.

Nendeni Jumamosi hii, yeye bado yupo.